Sauti ya Mama Mkwe kwa Spika Zangu

Leo sina uso. Nimeuacha sebuleni na sirudi kuuchukua, kwa sababu mama mkwe amekaa pale pale.

Wacha nianze mwanzo. Mnajua nina redio. Si kale karedio ka jikoni, ni redio yenye mashine yake na spika mbili zinazonifika kiunoni. Nilizinunua Githurai 45 kwa jamaa aliyekuwa anahama (sasa naelewa kwa nini alikuwa anatabasamu nikizibeba). Besi iko sawa. Lakini sauti za juu! Kila mwimbaji akifika kwenye "s" ni kama mtu anakwaruza sufuria na kijiko. Mimi nilikuwa nimezoea. Wanasema mapenzi ni upofu, kumbe ni uziwi pia.

Mama mkwe hakuzoea. Alikuja kwetu hapa Kimbo kutoka Ngoliba wiki ile mke wangu alipotoka hospitali na mtoto wetu wa pili. Ni msichana. Kwetu sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yangu (ndiye Wairimu wetu mkubwa), wa pili jina la mama ya mke wangu. Kwa hivyo mtoto ni Nyambura, mama mkwe ni Nyambura, na taabu ilianzia hapo. Niliwasha muziki kumkaribisha. Akaziba masikio ya mtoto. Akajaribu kuziba yake, mikono haikutosha. Akabeba kikombe chake akaenda kumalizia chai jikoni.

Wakati wa kuondoka akanisimamisha mlangoni.

"Baba Wairimu, mimi sisemi kitu. Rakini mtoto wa jina langu hawezi kulala kwa nyumba inapiga kelele kama posho mill ikisaga mahindi. Nikirudi na wamama nipate hiyo redio bado inalia hivyo, nabeba Mama Wairimu na watoto wake, tunaenda Ngoliba mpaka huyu mdogo aote meno."

Mpaka aote meno! Mtoto ambaye hata shingo haijakaza!

(Hiyo "mimi sisemi kitu, rakini" ndiyo salamu yake, na "lakini" kwake huwa na "r". Baada yake huwa kunakuja maneno mengi. Nimeshaambiwa juu ya chai yangu, viatu vyangu, na huu upara unaonyemelea.)

Mke wangu hakusema neno. Akinyamaza hivyo, ujue ameshaanza kupanga nguo kichwani. Nikaogopa kweli kweli. Nyumba bila Mama Wairimu na watoto siiwezi, hata wiki moja. Na kuuza spika pia siwezi. Msiniulize kwa nini, kila mtu ana ugonjwa wake.

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku ya itega. Kwa wasiojua, ni wamama kuja kuona mtoto, na viondo vimejaa vyakula na nguo. Na wamama wa itega hawaji kimya kimya kama mwizi. Wakifika kwa geti wanasimama wanaimba mpaka wenye nyumba watoke, waitikie, wafungue. Shikeni hiyo. Mimi niliishika sana, na ndiyo imeniponza.

Asubuhi mke wangu amebeba mtoto, akashika Wairimu mkono, akaenda kusukwa nywele kwa Mama Zuhura, jirani wetu hapa kwa ploti. Ameniachia kazi mbili tu: panguza viti, chemsha chai. Alipotoka tu, nikampigia simu Njoro, rafiki yangu anayepiga muziki kwa harusi huko Thika.

"Njoro, niokoe. Spika zinalia. Nibadilishe nini?"

"Kwanza shusha trebo, hiyo ya sauti za juu. Iko wapi?"

"Iko mwisho."

"Mwisho ya chini?"

"Mwisho ya juu."

Akapiga mluzi. Kisha akauliza, "Wewe uko na shida gani? Na hiyo sitting room iko aje?"

"Tiles. Ukuta mtupu. Meza ya kioo."

"Basi si spika zinalia bana, ni nyumba! Sauti inagonga ukuta inarudi kukuchapa makofi. Weka vitu soft kila mahali. Blanketi, mapazia, chochote. Spika zigeuze kidogo, zisikuangalie usoni. Na usitest na ngoma, ngoma inadanganya. Test na sauti ya mtu unamjua poa kabisa. Ikitoka kama ni yeye amesimama hapo, umemaliza kazi."

Nilifanya kazi leo, jamani. Blanketi mbili ukutani kwa misumari. Duveti mlangoni, kutoka juu mpaka chini. Godoro la Wairimu nikalisimamisha dirishani. Meza ya kioo nikaipeleka chumbani. Sebule ikafanana na kibanda cha mitumba siku ya kufungua bale. Nilisahau kitu kimoja tu: dirisha la jikoni, ambalo niliacha wazi kwa sababu ya mvuke wa chai. Dirisha hilo linatazama geti.

Ikabaki sauti ya mtu ninayemjua poa kabisa. Nani? Mke wangu hayupo. Mama yangu anaongea pole pole, huwezi kupima spika naye. Nikajiuliza, ni sauti gani inaishi kichwani mwangu hata nikiwa kazini? Jibuni wenyewe.

Rekodi yake sina. Lakini nina kipawa (hiki ndicho kipawa kitaniua). Naweza kumwiga mama mkwe mpaka mke wangu huinuka kitandani akidhani mama yake amefika. Na fikirieni: "sisemi" ina "s" mbili! Hakuna kipimo cha spika kama hicho hapa duniani.

Shida ni kwamba ile sauti hainijii bila kitambaa kichwani. Nikachukua kimoja pale kwenye kochi, kile cheupe cha kufuma chenye maua. Nikajifunga. Nikashika simu, nikajirekodi:

"Baba Wairimu! Mimi sisemi kitu. Rakini hii chai umepikia nani, mgonjwa? Mimi sisemi kitu. Rakini hiki kitambi kinatoka wapi, na msichana wangu anakonda? Mimi sisemi kitu. Rakini hata kuku wa Ngoliba wanaimba kuliko hii redio!" Nikamalizia na kile kikohozi chake.

Nikaunganisha simu na redio, nikaweka ijirudie yenyewe, nikapandisha sauti, nikakaa katikati.

Mara ya kwanza, "sisemi" ikanikata kama wembe. Nikashusha trebo. Ikalainika. Nikageuza spika moja kidogo, kisha nyingine. Bado palikuwa na mkwaruzo fulani kwenye "sisemi" ya mwisho. Nikaongeza kanga juu ya televisheni. Mkwaruzo ukapungua! Nikaleta mito. Ukaisha kabisa! Wadau, karibu nilie. Mama mkwe alikuwa ananitukana sebuleni kwangu kwa sauti tamu kama maziwa ya moto.

Nikafunga macho. Nikanyoosha kidole kama yeye, nikawa nafuatisha maneno kwa mdomo na kutikisa kidole. Wasiwasi sikuwa nao. Wakija wataimba, si ndiyo? Nitasikia, nizime, nivue kitambaa, nitoke nikiitikia kama mkwe mwenye adabu.

Rekodi ikafika kwenye kuku, ikakohoa, ikaisha. Muda kidogo ukapita, kwa sababu nikirekodi nilichelewa kuzima. Kisha nikasikia:

"Mimi sisemi kitu."

Nikasema moyoni, ona vile hii sauti sasa imekuwa hai! Hakuna mkwaruzo hata kidogo. Ni kama amesimama nyuma yangu. Nikainua kidole juu, macho bado nimefunga, nikamalizia kwa nguvu zangu zote:

"RAKINI!"

Nikangoja maneno ya chai. Chai haikuja. Kikaja kicheko cha mtu anayejaribu kukimeza, cha mwingine kikafuata, kisha nyumba nzima ikapasuka.

Nikafungua macho, nikageuka. Duveti imewekwa kando. Mama mkwe yuko mlangoni na kiondo chake. Nyuma yake wamama wote wa Ngoliba. Nyuma yao Mama Zuhura ameshikilia ukuta asianguke. Na mke wangu, nywele zimesukwa upande mmoja tu, ameficha uso kwa blanketi ya mtoto, mabega yanatikisika.

Na spika, kwa sababu nilikuwa nimeweka zijirudie, zikaanza upya: "Baba Wairimu! Mimi sisemi kitu..."

Nikaruka kuzima.

"Wacha hapo!" akasema mama mkwe.

Nikaacha. Ungefanya nini?

Akaja akakaa kwenye kiti changu, pale pale katikati. Wamama wakajipanga kwenye makochi. Akasikiliza chai. Akasikiliza kitambi. Akasikiliza kuku. Kikohozi kilipofika akageukia wenzake.

"Mimi nakohoanga hivyo?"

"Hivyo hivyo!" wakajibu wote. Mmoja mrefu alikuwa anapanguza machozi na mtandio.

"Tumeimba pale kwa geti mpaka koo zikakauka," akaniambia. "Hakuna mtu ametoka. Tukanyamaza tusikie kama kuna watu. Nikajisikia mimi niko ndani, nauliza mambo ya kitambi. Wamama wakaniangalia. Wakaniuriza, 'Wewe ulifika saa ngapi?' Tena hatukukosa neno hata moja! Tukiwa kwa geti, kabla Mama Zuhura atufungulie!"

"Mathe, naomba msamaha. Nilikuwa natengeneza..."

"Na hicho umefunga kichwa. Si nilifuma kwa mikono yangu nikawaletea siku ya ndoa?"

Kitambaa! Nilikuwa bado nimekivaa. Nikakivua, nikakikunja vizuri, nikakosa mahali pa kukiweka, nikakirudisha kichwani. (Hapo ndipo mke wangu alikaa chini kwa sakafu.)

"Weka wimbo wa kanisa," akaamuru.

Nikaweka. Kwaya ikaingia. Kila sauti mahali pake, za juu laini, za chini zimekaa vizuri. Akachukua mtoto, akamlaza kifuani. Nyambura mdogo akapiga miayo, akalala. Nyambura mkubwa akafunga macho. Nikajua hapa ndipo hukumu inatolewa. Nikamwangalia mke wangu, hakuwa anacheka tena. Wimbo ukaisha.

"Hiyo sasa ni redio ya watu," mama mkwe akasema.

Jamani, niliruka! "Kwa hivyo hawaendi Ngoliba?"

"Waende Ngoliba kufanya nini? Huko kuna joto na redio kama hii hakuna." Akavuta kiondo chake, akaondoa ndizi, akaondoa unga wa uji, na chini kabisa akatoa leso, malapa na gauni la kulalia. "Nilikuwa nimebeba hizi nikijua kama redio imetengenezwa, mimi ndiye nitabaki. Mpaka huyu aote meno."

Wamama wakapiga vigelegele. Mke wangu akapiga pia, na kwa nguvu. Mimi nikapiga makofi kidogo.

Wageni wameshaenda. Chai walisema ni ya wagonjwa (nilisahau majani kwa sababu ya shughuli). Naandika haya nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji, na kutoka sebuleni nasikia vizuri kabisa, "Baba Wairimu! Mimi sisemi kitu." Sijui ni yeye ananiita ama amejifunza kuwasha rekodi. Njoro alisema nikishindwa kutofautisha, nimemaliza kazi. Nimemaliza. Tafadhali msicheke.