Mfungo Wangu wa Tembe Nyeupe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Salamu nyingi kwako, kitabu changu. U mzima? Kurasa hazijapata unyevu? Baridi ya hapa kijijini Gakindu mwezi huu si ya mchezo. Mimi mzima, kwa neema ya Mungu na ya tembe moja nyeupe kila asubuhi. Shuleni nilifunzwa kuandika barua tu, kwa hivyo utanivumilia.

Habari kubwa. Jana Pasta Dedan alitangaza wiki ya kufunga. Kila mtu aache kitu anachokiegemea kuliko Mungu. Jumapili tutatoa ushuhuda, kisha wanaume wachague mwenyekiti wao. Kahiga mwenye duka la chakula cha kuku akaruka kabla pasta hajamaliza. Ati anaacha chai! Wanawake walipiga makofi kama vile ameacha kupumua.

Mimi chai siachi. Nilikaa kwenye poshomili yangu, ninaposagia watu unga, nikiwaza, mimi naegemea nini? Mke wangu Watiri? Huyo haachiki, atarudi na kaka zake. Ndipo nikaona mwanga. Tembe! Mwaka juzi nililala nikitazama ukuta mpaka mashine ya kusaga ikashika kutu. Daktari wa Nyeri akanipa dawa ya huzuni, nikaamka. Kanisani wanajua ni dawa ya mgongo. Hebu sikia ushuhuda huo: Bwana amenisimamisha bila tembe! Chai ya Kahiga itapoa palepale.

Shida ni Watiri. Husimama mbele yangu mpaka nimeze. Lakini mimi ni mtu wa mahindi. Punje nyeupe ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa vizuri, inafanana na tembe kabisa, mradi usiangalie. Nimejaza chupa punje. Tembe zimelala ndani ya mkebe wa rangi ya viatu.

Jumatano, 9 Julai

Punje zinateremka vizuri. Watiri hata amenisifu, ati siku hizi nameza bila kununa.

Lakini kuna stima kichwani. Sitanii. Nikigeuza macho, tzz! Kama kuguswa na waya ulio wazi. Nilidhani ni mashine inavuja. Nikazima kila kitu, nikaita fundi. Akapima nyaya, akapima swichi, akaona zote sawa. Nikageuka kumwonyesha soketi. Tzz! Nikaruka. Fundi akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mzee, mashine haina shoti. Ni wewe."

Jasho pia, katika baridi hii. Na ndoto! Niliota namsaga Kahiga, akatoka unga wa daraja la kwanza. Niliamka na hasira. Daraja la kwanza, yule?

Ijumaa, 11 Julai

Maombi yalikuwa nyumbani kwa Kahiga. Tulipewa maji moto, kwa heshima ya mfungo wake. Mwenyewe alikuwa amejishika kichwa, macho mekundu, anamgombeza paka.

Wangechi, kiongozi wa maombi, alikuwa anaomba moto ushuke. Nikafungua jicho moja kuangalia kama Kahiga amelala. Tzz! Nikaruka kutoka kitini. "Uui!"

Wote wakafungua macho. Kisha Wangechi akasema, "Umeshuka!"

Ningefanya nini? Kumsahihisha kiongozi wa maombi ni kiburi. Nikatazama kushoto tena. Tzz! Uui! Watu wakaja kunishika mikono wapate kidogo. Kahiga naye akajaribu kutetemeka, lakini alionekana tu kama mtu anayetaka chai.

Nimegundua kwamba kushoto ndiko kuna nguvu zaidi. Jumapili nitasimama, nitatazama kushoto, uenyekiti ni wangu. Mungu hawezi kushindwa kutumia stima.

Jumamosi, 12 Julai

Leo si siku. Asubuhi nilimlilia kuku. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amesimama peke yake kwenye manyunyu, basi. Kisha nikamfokea mama mmoja kwamba mahindi yake yananitazama vibaya. Akayabeba akaenda. Nikaketi juu ya gunia, nikageukia ukuta. Tunajuana na huo ukuta. Hapo niliogopa, kitabu changu, sikufichi.

Watiri alinikuta hivyo. Akasema nakaa kama mtu ambaye hajameza dawa, akaleta chupa, akanisimamia nimeze nyingine. Nikaitupa kooni kwa haraka, ikaenda njia ya hewa, nikakohoa, ikaruka mpaka kwenye mizani. Akaiokota. Akaiinua kwenye mwanga. Akauliza ati siku hizi hospitali inatoa tembe zenye kiini? Nikamwambia ni za kisasa. Akaiuma.

"Baba Shiku, hii ni muthokoi."

Nikaanza kupangusa mizani. Akaketi kwenye gunia kando yangu. "Mwaka juzi nilikuzika bila jeneza," akasema. "Sitakuzika mara ya pili." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akampigia simu Abdimajid, muuza mifugo wa Nanyuki. Tulijuana naye kwenye benchi la kliniki, na ni yeye tu mwingine anayejua siri yangu. Alicheka mpaka ng'ombe nyuma yake wakaitikia. Kisha akaacha kucheka. Akasema naye aliwahi kuacha dawa ghafla, akapata stima hiyohiyo, akamuuza fahali akidhani ni mbuzi. Akasema wao Waislamu hufunga mwezi mzima, na hata hivyo mgonjwa anaruhusiwa kula. "Wewe Gatimu, umeanza lini kutushinda sisi kwa ukali?"

Watiri akanimezesha tembe ya kweli palepale, akakagua mpaka chini ya ulimi. Sawa. Lakini kichwani bado kuna stima ya kutosha kesho.

Jumapili, 13 Julai

Aibu! Aibu! Aibu!

Watiri alinimezesha nyingine kabla ya kanisa. Nikasimama mbele ya watu wote. Nikasema Bwana ana nguvu. Nikatazama kushoto. Hakuna. Nikatazama tena. Hakuna! Stima ilikuwa imepotea, kama kawaida yake siku ya wageni. Wangechi alikuwa tayari ameinua mikono. Nikazungusha kichwa chote kama bundi. Kizunguzungu kikanibeba mpaka ndani ya ngoma za kwaya.

Watiri akasimama. Akaliambia kanisa kwamba si Roho na si mgongo. Ni ugonjwa wa huzuni, una dawa, na mume wake amefunga dawa badala ya kufunga mdomo. Pasta Dedan akajishika shavu. Akasema alipotaja kuegemea alimaanisha soda na tamthilia, mtu asiache dawa kwa jina lake.

Kahiga amechaguliwa. Tendo lake la kwanza kama mwenyekiti: kuagiza chai.

Jambo la ajabu, baada ya ibada nilijificha nyuma ya tangi la maji. Wakaja wanaume, mmoja mmoja, kuniuliza kliniki iko wapi. Kila mmoja ana binamu ambaye halali vizuri. Binamu wengi sana wagonjwa huku kwetu. Wa mwisho alikuwa Kahiga. Binamu yake, nilivyoelezwa, ana kimo kilekile na duka lilelile.

Jumanne, 15 Julai

Nyeri. Abdimajid alikuwa amenihifadhia nafasi kwenye benchi, akaniamkia kwa kulia kama mbuzi. Daktari Muslima hakucheka. Akasema dawa hii haiachwi kama kushuka kwenye gari likiwa mbioni. Niendelee kumeza, nitulie kwanza, kisha tutapunguza kidogo kidogo, kwa miezi, yeye akiangalia. Nikaitikia kila neno. Nimeelewa kabisa. Subira!

Jumatatu, 21 Julai

Tzz imeisha. Nimelala vizuri. Mama wa mahindi amerudi, tumesameheana. Kuku pia yuko sawa.

Sasa sikia. Kahiga alipeleka "binamu" kliniki, amepewa tembe, na jana alisimama kanisani akasema ukweli. Watu walilia! Pasta akasema siku mmoja wetu atakapomaliza matibabu, atatoa ushuhuda mbele ya askofu.

Mmoja wetu! Kahiga ndiyo kwanza anaanza. Mimi niko mbele. Nikipunguza kwa miezi atanifikia. Lakini nikipunguza kwa wiki?

Mahindi Watiri ameyajua. Ila leo, katika gunia la mteja, nimeona haragwe dogo jeupe. Duara. Halina kiini. Nimelilinganisha na tembe, hata mimi nimechanganyikiwa. Kweli nimechanganyikiwa, sijui nimemeza kipi, tembe au haragwe.

Kitabu changu, unaonaje? Haragwe litapita? Tafadhali nijibu upesi. Watiri anavaa miwani.