Joistiki na Chumba cha Uani

Jumatatu, 3 Machi
Vita vimetangazwa. Kisa ni chumba cha uani. Mimi nakitaka kwa gemu yangu ya ndege. Shemeji, mdogo wa mke wangu, anakitaka kwa cherehani yake. Mke wangu kakata shauri: Jumamosi saa nne nikitua ndege mbele yao bila kuivunja, chumba ni changu. Ikianguka, cherehani inaingia. Shemeji akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama abiria wa kwenye kompyuta wana bima. Nikampuuza. Kweli, miezi mitano sijatua salama hata mara moja. Kosa ni la kibodi! Rubani gani huendesha ndege kwa vitufe vya kuandikia barua? Nahitaji joistiki, kile kijiti cha kushika mkononi. Ushindi uko dukani.

Jumanne, 4 Machi
Wengine hununua kwa macho. Mimi nanunua kwa utaratibu. Nimechora jedwali: vigezo kumi na saba, kila kimoja alama kumi. Uzito, urefu wa waya, ugumu wa springi, mlio wa kifyatulio, harufu ya plastiki, na kadhalika. Mke wangu akachungulia, akasema ashukuriwe Mungu kwamba yeye sikumchagua kwa jedwali. Nikakohoa. (Lilikuwepo. Vigezo tisa.)

Jumatano, 5 Machi
Dukani tangu asubuhi. Kazini nimesema tumbo. Joistiki sita, zote nimezipima kwa mizani ya jikoni niliyoibeba kwenye mfuko. Muuzaji alinipa kigoda. Baada ya saa mbili akakichukua. Akauliza natumia mkono gani. Mjanja huyo! Anataka kuniuzia mbili. Nikamjibu kwamba hayo hayamhusu. Akasema haya mzee, mteja ni mfalme, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ufalme.

Alhamisi, 6 Machi
Imepatikana! Alama 141 kati ya 170. Nyeusi, vitufe kumi na viwili, imefinyangwa kufuata kiganja. Nikaiingiza nyumbani ndani ya boksi la pasi, shemeji asiione silaha yangu. Hila safi kabisa. Tatizo moja: mke wangu aliliona boksi, akanikumbatia, akasema hatimaye nimekumbuka kuwa pasi yetu iliungua. Kesho sina budi kununua pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mimi ni mashoto. Joistiki ni ya mkono wa kulia! Nikiishika, kidole gumba kinaning'inia hewani, na vitufe vyote vimenipa mgongo kama majirani waliogombana. Vigezo kumi na saba, na mkono wangu haumo hata kimoja. Nikairudisha mbio. Muuzaji akasema si nilikuuliza, mzee? Akasema kwake wameshapita wabishi wengi, ila mbishi mwenye mizani ndiye wa kwanza. Iliyofunguliwa hairudishwi. Basi nitaendesha kwa mkono wa kulia. Una vidole vitano kama mwenzake.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne kamili, chumba cha uani. Mke kitandani pembeni, shemeji mlangoni na futi yake shingoni, tayari kupima madirisha. Nikaruka vizuri. Nikaukaribia uwanja vizuri. Kisha mkono wa kulia ukasahau kulia ni wapi. Nimetua ndani ya jengo la abiria, kichwa chini. Shemeji akasema walau nimewafikisha mpaka mapokezi. Hasira zikanipanda, nikamwambia kama anaona ni mchezo, akae yeye! Akakaa. Akashika kijiti kwa vidole vitatu, akatua kama unyoya. Akasema mbona ni sawa na kushona kola, shem: ukifika kwenye kona, unapunguza mwendo. Mke wangu akapiga vigelegele. Vya nani, sijui! Saa tano cherehani ilikuwa ndani, kompyuta yangu koridoni karibu na viatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimeichambua ajali kwa utulivu. Joistiki haina kosa. Mkono hauna kosa. Kosa ni la miguu! Rubani wa kweli hukanyaga pedali. Miguu yangu ilikaa tu pale chini kama wageni waliokuja kula. Na sasa nimeichunguza vizuri cherehani ya shemeji: inaendeshwa kwa pedali ya umeme, nzito, yenye mpira chini, haitelezi. Nimeipa alama tisa kwa kumi. Waya wake hauingii kwenye kompyuta, lakini hilo ni jambo la dakika kumi. Shemeji katoka kununua uzi. Bisibisi ninayo.