Sanamu ya Kajiado Iliyokuwa na Joto

Leo nimepata aibu ya kunitosha mimi, watoto wangu, na nyingine ya kugawia majirani. Mimi Mama Mwikali wa Kitengela, ambaye sijawahi kusahau jina la mtu tangu nizaliwe, nimeaibika Kajiado mchana kweupe. Mbele ya wamama wa kanisa. Mbele ya wanafunzi wa darasa la nne na mwalimu wao, Josephine Mbula. (Ulicheka mpaka ukashikilia ukuta, Josephine. Nilikusikia.)

Wacha nianze mwanzo, ndio mnicheke kwa mpangilio.

Nashipae mnamjua. Kwa wale wageni kwa hii grupu, ni jirani yangu tangu marehemu mume wangu Mutua akichonga mawe kwa kwari na mume wa Nashipae akituuzia maziwa. Macho yake yalizimika pole pole, na tangu yazimike, macho yake ni mimi. Kanisani namnong'onezea nani ameingia, amevaa nini, amekaa na nani na kwa nini. Nyumbani yeye anashona shanga kwa vidole, mimi nampangia rangi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyeniandika na hakuna wa kunifuta.

(Sasa siri. Imeshatoka mbele ya watu wote hao, haina haja kuificha: hata mimi sioni. Sio kipofu, ni ukungu. Miaka miwili sasa, uso wa mtu naona kama sahani ya uji. Nyinyi wote nawajua kwa mwendo, kwa kikohozi na kwa mlio wa viatu, ndiyo maana hamkugundua. Mtu mmoja ambaye sikutaka kabisa ajue ni Nashipae. Kwa sababu macho yasiyoona, anayawekea nini?)

Basi mke wa mchungaji, Tabitha Wanza, akasimama Jumapili akatangaza safari. "Wamama, kunafunguliwa makumbusho Kajiado. Iko na kamashine kanakuongoza, kanakuelezea kila kitu kwa sikio. Hata asiyeona ataona!"

Nashipae alipiga makofi mpaka bangili zikalia. Na mimi nilipiga. Mawili.

"Sasa hutachoka kunielezea," akaniambia. "Utapumzika, Mama Mwikali."

Kupumzika! Nani alisema nimechoka? Lakini mtu akifutwa kazi kanisani hawezi kupiga kelele.

Leo asubuhi gari la kanisa likatufikisha. Makumbusho yenyewe ni nyumba moja ndefu ya mabati, ya kisasa kabisa, yaani imepakwa rangi. Mlangoni tukapokewa na mama mmoja anaitwa Resiato, sauti tamu kama ya mtu anayekuuzia sufuria. Akatuvisha kila mmoja kitu kama simu shingoni, na vitu vya kufunika masikio, vikubwa, kama vile vya watu wa ndege.

"Hii ni ya kila mtu, shosho," akasema. "Asiyeona atasikia. Asiyesikia atasoma kwa kioo. Iko kwa Kiswahili, iko kwa Kimaasai. Mwenye kiti cha magurudumu tumemwekea njia. Na kila sanamu yenye alama ya njano unaruhusiwa kuigusa."

"Na wewe unakula mshahara wa nini," nikamuuliza, "kama simu inafanya kazi yote?"

Akacheka. (Kicheko cha mtu ambaye hilo swali limemkosesha usingizi.)

"Unafika kwa alama ya njano ukutani, unaweka simu karibu, inaanza kuongea. Ni rahisi sana."

Rahisi sana. Ukuta wenyewe ulikuwa wa rangi ya krimu. Njano juu ya krimu, kwa macho yangu! Ni kama kutafuta ugali kwa sahani nyeupe. Nikamshika Nashipae mkono, nikatembea kifua mbele kama askari, na nikaanza kupapasa ukuta wa watu nikijifanya nausifu.

"Hii ukuta imejengwa vizuri," nikasema.

"Tumekuja kuona ukuta?" Nashipae akauliza.

Nikapata alama ya kwanza kwa bahati. Simu ikalia tii! Halafu mwanamke akaniongelea ndani ya sikio, karibu kabisa: "Takwenya!"

Sasa, nimeishi na Wamaasai tangu nikiwa bibi arusi. Mama akisalimiwa *takwenya* anajibu *iko*. Huwezi kuacha salamu chini kama ganda la ndizi. Nikajibu.

"IKO!"

Kumbe ukifunikwa masikio hujui sauti yako iko wapi. Mimi nilidhani nimejibu kwa adabu. Watoto wa Josephine wakaruka. Nashipae naye, kwa sababu simu yake ilisalimu pia, akajibu "Iko!" lakini yeye kwa sauti ya binadamu.

Alama ya pili, vibuyu vya maziwa. "Takwenya!" "IKO!" Alama ya tatu, kitanda cha ngozi. "Takwenya!" "IKO!" Nikafikiria, huyu mwanamke hachoki kusalimia? Tumeonana sasa hivi kwa vibuyu!

Na nitasema ukweli hata kama unaniuma: alikuwa anajua kazi. Akasema kibuyu kiko na urefu gani, kimefungwa ngozi ya rangi gani, moshi wa mti gani umekisafisha. Nashipae alikuwa ametulia, kichwa kimeinama upande, anatabasamu mpaka weupe wa meno nikauona ndani ya ukungu wangu. Kwangu hajawahi kutabasamu hivyo. Nikaona kibarua changu kikitoka mlangoni, kimebeba na sanduku.

Basi nikaamua kushindana na simu. Ikisema jambo moja mimi naongeza mawili. "NASHIPAE, HICHO KIBUYU NI KAMA KILE CHA NOLARI MAMA YA SEIN, KILE MBUZI ALIVUNJA!" Nilikuwa nanong'ona. Naapa nilikuwa nanong'ona.

Tukafika alama ya nne, na hapa ndipo shida ilikuwa inaningojea na kiti imekalia.

Simu ikasema, baada ya salamu zake: "Mbele yako, hatua tatu kushoto, kuna sanamu ya mzee wa boma ameketi. Ni ya kuguswa. Weka mkono wako juu ya kichwa chake."

Kushoto nikasikia. Hatua tatu nikasikia. Lakini mbele yangu kabisa, upande wa kulia, kulikuwa tayari na mzee amekaa. Shuka nyekundu, naiona. Fimbo, naiona. Ametulia tuli, kidevu kifuani. Nikajiambia, hawa watu wa simu hata kushoto na kulia hawajui. Nikafurahi sana. Hatimaye imekosea!

"NASHIPAE, SIMU IMEPOTEA! IMESEMA KUSHOTO NA SANAMU IKO HAPA! NGOJA NIKUONYESHE MIMI!"

Nikaweka mkono juu ya kichwa.

"Kichwa kimenyolewa," simu ikasema.

"KIMENYOLEWA!" nikasema. Na kilikuwa kimenyolewa kweli.

"Shuka mpaka kwenye sikio. Utasikia tundu alilotoboliwa ujanani."

Nikashuka. Nikapata tundu. Nikaingiza kidole. (Niliacha shule darasa la pili, lakini maagizo huwa nafuata.) Nikavuta kidogo nijue ni ya mpira au ya ngozi.

"NASHIPAE! IKO NA JOTO! WAMEWEKA STIMA NDANI!"

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua mkono wa Nashipae nikauweka kwenye shavu la hiyo sanamu, ndio aone vile macho yake bado yanafanya kazi. Nashipae akashtuka. Akanishika nguo, akaanza kuongea mbio mbio. Sikusikia kitu, kwa sababu mwanamke wa sikio alikuwa anaelezea pua.

"NDIYO, NI NZURI!" nikamjibu. "LAKINI PUA WAMEZIDISHA! HAKUNA MTU ANAWEZA KUWA NA PUA HII NA AKAPATA MKE!"

Nikaishika. Hiyo pua. Nikaitikisa.

Pua ikapiga chafya.

Mikononi mwangu, wapendwa. Chafya ya mtu mzima.

Nikaruka nyuma, vitu vya masikio vikaanguka shingoni, na dunia yote ikarudi mara moja: watoto wakipiga kelele, Josephine na ukuta wake, Tabitha Wanza akiita jina la Yesu, Resiato akikimbia na viatu vyake, ko ko ko. Na juu ya hayo yote, sauti ya Nashipae: "Mama Mwikali, nimekwambia mara sita, huyu ni mtu!"

Halafu sanamu ikaongea. Pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Endelea," ikasema. "Umeshanishika kichwa. Sasa niulize niko darasa la ngapi."

Kama hujakaa na Wamaasai hutaelewa jinsi nilivyokufa. Mzee ndiye huweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mtoto anainama, mzee anagusa, anauliza habari ya shule. Hakuna mtu hushika mzee kichwa. Na mimi nilikuwa nimeshika, nimevuta sikio, na nimetingisha pua ya mzee ambaye amealikwa kukata utepe wa ufunguzi!

Na sauti hiyo ningeijua hata nikiwa kaburini. Tipape, mwana wa Kisemei. Mke wake marehemu Noonkishu, tuliyekuwa tukiteka maji naye. Ng'ombe wake wa kwanza hapo kwetu aliitwa Narok kwa sababu alikuwa mweusi, na mbwa wake aliitwa Simba kwa sababu alikuwa mwoga. Mzee wa kanisa letu! Jumapili iliyopita amenipa mkono! Alikuwa amengoja wageni wa heshima mpaka usingizi ukamchukua, basi.

"Takwenya, Mama Mwikali," akasema.

Salamu zote nilizojibu mashine, hiyo moja ya mtu ikanishinda.

Resiato akafika akihema. "Shosho, kwani hukuona ni mtu?"

Nyumba nzima ikanigeukia. Hata watoto.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kuhusu mwanga wa dirisha. Lakini mkono wa Nashipae ulikuwa bado umeshika nguo yangu, na nikasikia nimechoka. Kwa kweli nimechoka, kumbe alikuwa amesema ukweli.

"Sikuona," nikasema. "Sioni uso wa mtu yeyote. Miaka miwili."

Nikangoja Nashipae aachilie nguo.

Hakuachilia. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuhesabu shanga, "Najua."

"Unajua nini?"

"Ile kola ya shanga ya arusi ya Silantoi. Nilikuomba kijani ya nyasi, ukanipa bluu ya mbingu. Mama yake aliniuliza ni fashoni gani hii, nimemwekea bibi arusi mbingu mahali pa nyasi. Nikamwambia ni fashoni ya Nairobi."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungeacha kuja."



"Lakini leo ulikuwa na simu," nikasema. "Nimeona vile ulikuwa unatabasamu. Hiyo haikosei rangi."

Nashipae akaninong'onezea (yeye anajua kunong'ona): "Simu gani? Yangu ilizima kwa vibuyu. Nilikuwa nakusikiliza wewe ukijibu salamu za mashine, halafu mbuzi wa Nolari."

"Sote tulikuwa tunasikiliza," akasema Mzee Tipape. "Mimi nilidhani naota."

Hapo ndipo nyumba iliangushwa na kicheko. Resiato mwenyewe alicheka mpaka akakaa juu ya ile sanamu ya kweli, ambayo, niseme kwa haki, ilikuwa hatua tatu kushoto. Simu haikukosea. Ile kitu ni ya kila mtu kweli: asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea. Mtu mmoja tu ndiye hawakumfikiria. Mwenye kujifanya anaona.

Mzee Tipape akainuka, akaniita karibu, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mbele ya darasa la nne lote. "Huyu ako na mtoto wa jicho," akasema. "Hata mimi nilikuwa nayo, wakaniosha hospitalini, sasa naona mpaka madeni ya watu. Apelekwe." Halafu akaenda kukata utepe, sikio moja (Josephine ameniambia) likiwa jekundu kuliko lingine.

Jumanne tunaenda kliniki ya macho. Nashipae ameapa ni yeye atanishika mkono, njia yote. Kwa hivyo mkituona stendi ya Kitengela, bibi kipofu akimwongoza bibi nusu kipofu, na wote wawili wamevaa shanga za rangi zisizoeleweka, pisheni tu.

Na wewe hapo umelala chini unacheka, nisikize. Macho yameenda, lakini majina yote bado niko nayo. La kwako, la mama yako, na la yule ulikuwa unaandikia barua kabla ya huyu uliyeolewa naye.