Mwakilishi wa Kenge

Albina alikuwa akipiga randa ukingo wa mlango nilipomsomea tangazo. Nilisoma nimesimama wima, kama utaratibu unavyotaka, ingawa wasikilizaji walikuwa yeye, Kabula muuza maziwa, na mbuzi wa jirani.

"Kitengo cha Uwazi na Mwonekano kinayo furaha kuutangazia umma wa Sumbawanga kwamba kesho, katika kilele cha Wiki ya Uwazi, kitazindua Makazi ya Kenge ya mbao, yenye mlango wa mbele unaoonyesha ndani, ili kila mwananchi ajionee kwamba ofisi hii haifichi kitu."

"Hata kenge?" Kabula akauliza.

"Hasa kenge," nikamjibu.

Mimi ndiye katibu wa Kitengo. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma mafaili ya walionitangulia, na si mtu wa kuhukumu jambo haraka. Bwana Adolfu, mkuu wetu, alipogundua kwamba kibanda cha useremala cha Albina, hapa Majengo, kinaziba ubao wetu wa matangazo, na kwamba lazima kibomolewe, sikusema ni vizuri wala ni vibaya. Niliandika. Alipoongeza kwamba kitasamehewa iwapo Albina atatengeneza makazi ya kenge bure na yakapita ukaguzi, niliandika hilo pia. Greda liliagizwa lije jioni ya siku hiyo hiyo ya ukaguzi, ili uamuzi wowote utakaofikiwa usicheleweshwe.

Humo kibandani Albina ametengeneza vitanda, madawati na majeneza ya nusu ya Majengo, na ndimo inamotoka ada ya wanawe. Kwa hiyo alipiga randa kwa bidii.

Na sanduku, lililosimama humo humo kibandani, lilipendeza. Fremu ya paini, mgongo wa plaiwudi, matundu ya hewa yenye wavu, kitundu cha kupitishia chakula, urefu wa kitanda cha mtu mzima, maana kenge ana mkia. Ndani kulikuwa na taa ya kuleta joto, kwa kuwa baridi ya huku juu kenge wa bondeni hajaizoea. Mlango ulikuwa wa plastiki ngumu yenye ukingo wa mbao, angavu kama maji ya chupa. Kamati ya Kitengo ilikataa kioo kwa sababu kioo huvunjika, na uwazi wa ofisi hautakiwi kuvunjika. Komeo liliwekwa nje tu. Albina aliuliza itakuwaje mtu akifungiwa ndani. Kamati ilimjibu kwamba ndani hakutakuwa na mtu.

Bwana Adolfu alifika na suti, bila kenge.

"Gari lililomfuata kule Ziwa Rukwa limeishiwa mafuta," alisema. "Mgeni amepata udhuru."

Albina akaweka randa chini. "Sasa Mheshimiwa, mtakagua nini? Na greda linakuja leo!"

"Tulia, mama. Mgeni rasmi asipofika, hutuma mwakilishi."

Nikapendekeza mbuzi. Bwana Adolfu aliniangalia kwa huruma.

"Katibu, mgeni wa kitaifa awakilishwe na mbuzi? Angalau mkuu wa kitengo!"

Mkuu wa kitengo alikuwa mmoja. Alivua koti, akabaki na tai, akaingia kwa magoti, akaketi kwa kujikunja chini ya taa.

"Funga!"

Nikasukuma komeo. Na kwa kuwa ukaguzi ni ukaguzi, nikabana kwa kufuli ya ofisi.

"Naonekana?"

"Hadi soksi, mkuu."

"Safi sana. Na joto lake zuri. Makazi yamepita. Fungua."

Hapo nikakumbuka kwamba ufunguo uko kwa Bi Cornelia wa ghala, na Bi Cornelia yuko Mwimbi kwenye ubatizo wa mjukuu, anarudi kesho. Bwana Adolfu mwenyewe ndiye aliyeagiza kufuli na ufunguo visikae pamoja.

"Basi kata!"

Albina alikuwa ameshashika msumeno wa kukatia chuma. Nikainua mkono.

"Kufuli ni mali ya umma. Kuikata kunataka kibali cha mkuu wa kitengo."

"Mkuu wa kitengo si mimi?"

"Kwa sasa unamwakilisha kenge, mkuu. Ulinifundisha mwenyewe, siku ile ulipomwakilisha mkurugenzi kwenye mkutano wa wafugaji. Walipokuletea malalamiko ya ofisi yetu, ulisema leo wewe si wewe. Kwa hiyo ninakaimu mimi, na jambo la kukata mali ya umma sipendi kuliharakisha."

Albina akarudisha msumeno taratibu. "Mimi fundi tu," alisema. "Sigusi mali ya serikali bila kibali."

Watu wakaanza kujaa. Kabula alichuchumaa mbele ya mlango. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea.

"Jamani, anaitikia!"

"Mshikaji, cheki kenge ana tai!" kijana mmoja akapaza sauti. Mwingine akanunua yai, akaliviringisha kupitia kitundu cha chakula. Lilikuwa bichi, kama mwongozo wa kulisha kenge unavyosema.

Ndipo greda likafika, likinguruma. Dereva, Sayi, alishuka na karatasi.

"Nimeambiwa nibomoe kibanda hiki."

"Usibomoe!" Bwana Adolfu alipiga plastiki kwa viganja. Haikutikisika. "Kuna mtu humu!"

"Huyo nani?" Sayi akaniuliza.

"Mwakilishi."

"Wa nani?"

"Wa kenge."

Sayi akatafakari. "Mimi agizo langu limesainiwa na Adolfu."

"Adolfu ndiye mimi!"

"Kila ninapobomoa," Sayi alisema, "namkuta mtu anayemjua Adolfu."

Akapanda juu ya greda. Albina alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kifuani.

"Katibu!" Bwana Adolfu alilia. "Kibanda hakizibi chochote! Ubao ndio uliowekwa pabaya! Niliuweka mimi!"

Nilifikiri. Tangu Kitengo kianzishwe, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa aliyemo ndani ya jengo linalobomolewa kusikilizwa na ofisi. Hoja yake niliiona nzito. Nikaandika, kwa nafasi yangu ya kukaimu, kwamba kibanda kibaki pale kilipo siku zote, na ubao uhame. Nikasaini. Sayi alisoma mara mbili, akageuza greda, akaondoka.

Albina alikaa juu ya kigogo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akacheka, akaanza kukusanya maranda.

Jua lilikuwa linazama na baridi inashuka. Watu hawakupungua.

"Katibu," sauti ilitoka kwenye matundu ya hewa, ya chini sasa. "Nifunikieni basi hata gunia. Watu wananiona."

"Kufunika mlango ndani ya Wiki ya Uwazi kunahitaji kikao, mkuu."

"Mama Albina, basi wewe…"

Albina aliikagua pembe ya chini ya mlango, akapitisha kidole. Bado ilitaka msasa, na vanishi hata mkono wa kwanza haujapakwa. Akaning'iniza randa kwenye msumari wake.

"Kesho, Mheshimiwa," alisema. "Vanishi haipakwi gizani. Taa nakuachia."