Gia za Umeme za Ernesti

Jumatatu, 3 Februari 2025
Daktari amesema moyo umechoka. Nimemjibu hata mimi nimechoka, hatujui tu nani alianza. Hakucheka. Miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu wa hesabu, nalala hapa Kilole chini ya baiskeli yangu ya mbio iliyotundikwa ukutani. Sitaki mengi. Nataka gia za umeme! Ernesti, niliyefundisha naye miaka ishirini, anazo. Mwanawe alimletea kutoka Ulaya. Si zile za mabingwa, ni za daraja la kati, lakini zinatosha kuninyima usingizi. Unagusa kitufe, kimota kinalia zii, mnyororo unahama wenyewe. Nimeusikia mlio huo mara moja, alipopita karibu na dirisha langu. Makusudi!

Jumanne, 4 Februari
Nimepata mpango. Kwetu, mgonjwa wa kufa akikuita mtakane radhi, unakwenda. Na analoomba hanyimwi. Nimemwambia binti yangu Munira ampigie simu Ernesti, kule Kwedizinga. Munira akauliza, baba, mtu wa kufa anachana ndevu za nini? Nikamwambia mauti nayo yanataka adabu.

Jumatano, 5 Februari
Kaja kwa baiskeli! Miaka sabini na minane, na hahemi. Nikalegeza sauti, nikaungama. Mwaka 1974, mashindano ya Handeni hadi Korogwe, sikumshinda. Nilishikilia lori la katani kilomita tisa, nikaliachia karibu na daraja. Kikombe kilikuwa chake.
Nilitegemea machozi. Alicheka mpaka Munira akakimbia na maji. Akasema, we Awadhi, siku ile kaptula yako ilijaa nyuzi za katani, ulidhani sikuziona? Alishanisamehe zamani. Hata hivyo kikombe akakitoa kabatini, akakifunga kwenye usukani wa baiskeli yake.
Nikaomba gia. Akaitazama miguu yangu. Akauliza, utakwenda nazo wapi, mzee mwenzangu? Nikaifunika kwa shuka. Jibu ninalo sasa: mpaka darajani. Bila lori.

Ijumaa, 7 Februari
Kazileta! Zile zile, pamoja na fundi Simeo. Baiskeli imening'inizwa kwenye boriti kando ya kitanda. Simeo anazungusha pedeli, mimi nabonyeza. Gia zinarukaruka kama mbuzi. Zii, zii, zii. Nikafumba macho. Nikapita mashamba ya mkonge, upepo kifuani, miguu ile ya zamani. Nikafika darajani. Munira kanikuta nalia, akadhani ni moyo. Ndiyo, ni moyo.

Jumapili, 9 Februari
Nafsi imetulia. Niko tayari kuondoka.
Jioni: Munira kaniambia kwa nini Ernesti alitoa kwa moyo mweupe vile. Kaletewa toleo jipya. Halina waya hata mmoja. Nyuma gia kumi na mbili! Zangu kumi na moja. Kumi na moja! Nimepekua maisha yangu yote, sina kosa lingine la kumwungamia Ernesti. Itabidi nimkosee wiki hii, afya ikiruhusu.