Jiwe la Mpaka wa Vale de Cardos

Kwa Dona Graciete Mourão,
Mwenyekiti wa Kata Zilizounganishwa za Outeirinho na Vale de Cardos.

Mheshimiwa, niliyekufundisha kusoma ingawa ulitoka Outeirinho,

Mimi, Mwalimu Belarmino Taveira, mwenye miaka tisini na mmoja na ninayepumua kwa hisani ya mashine na binti yangu, nakuomba uirudishe kata yetu ya Vale de Cardos kabla sijafa, nizikwe kwetu. Tuliunganishwa nanyi mwaka 2013 kwa karatasi moja kutoka Lisbon, na tangu hapo tunaishi kama kiraka kwenye koti la mtu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima chetu kina mita 412. Chenu kina 409, ndipo mkasimika juu yake msalaba wa mita nne. Huo si mlima, ni kofia.

2. Sisi tuna hati ya mfalme. Ninyi mmetajwa humo mara moja tu, kwenye orodha ya wezi wa kondoo.

3. Zamani, msalaba wa Pasaka ulipopitishwa nyumba kwa nyumba kubusiwa, ulianzia kwangu asubuhi. Mwaka huu umefika saa kumi na moja jioni, wabebaji wameshiba keki za Outeirinho, na mwanambuzi wangu wa kuoka amekauka kama kiatu. Nilipouliza, Adérito mbeba msalaba akanijibu, "Mwalimu, siku hizi huku kwenu ni mkiani. Shukuru hata tumekumbuka." Msalaba niliubusu. Yeye sikumpa hata kiti.

4. Kwa hiyo nadai liheshimiwe jiwe la mpaka, lililo nyuma ya banda la nguruwe la wakwe zangu tangu enzi ya mfalme. Mawingu yenu yaishie hapo. Kuku wenu akitagia upande wetu, yai ni raia wetu.

Wasalimie mumeo, baraza zima, na Adérito akiwa amekaa.

Wako, kwa mkono usiojutia herufi hata moja,
Belarmino Taveira

Tanbihi: Binti yangu ameisoma barua hii, akaniuliza kama nataka kufa na uongo. Basi nakiri. Jiwe lile nililihamisha mimi mwaka 1956, kwa gari la ng'ombe. Baba aliapa kwamba sitaoa msichana wa Outeirinho, na kina Deolinda, marehemu mke wangu, waliishi ng'ambo ya kijito kilichokuwa mpaka. Nikausogeza mpaka hadi nyuma ya banda lao, nyumba yao ikawa upande wetu. Baba akaenda kutazama, akaridhika.

Deolinda alijua. Siku ya harusi aliniambia, "Wewe Belarmino, umehamisha nchi nzima, wakati ungeweza kunibeba tu tukavuka."

Ana miaka mitatu sasa kaburini Outeirinho, kando ya mama yake, kama alivyotaka. Makaburi yale hupokea watu wa kata yake tu. Tukitenganishwa, nitalala upande huu peke yangu.

Usirudishe kitu, Graciete. Nizike kando yake, chini ya kofia yenu.