Kengele Niliyoiwekea Tiki Bila Kuisikia

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wanawake kumi na wanne na bosi wangu. Niko nyumbani sasa, viatu bado vina matope, na naandika hii kabla hamjaipata kwingine. Maana mtaipata. Sotik ni ndogo.

Kwanza kazi yangu, kwa wale mnaodhani nauza mikeka. Kuna utafiti huku kwetu wa wanawake ambao migongo yao imekataa kwa kuinama, wengine kwenye majani chai, wengine mashambani. Wanafunzwa yoga mara moja kwa wiki. Sasa watafiti wanataka kujua, mtu akipata nafuu, kilichomsaidia ni nini hasa. Ni kunyoosha mgongo? Ni kupumua polepole? Ni kulala chali dakika kumi bila mtu kukuita? Ama ni kukaa tu na wenzako? Kwa hivyo kila kipengele kinapimwa kivyake, na mpimaji ni mimi. Naketi nyuma kwenye kiti cha plastiki, nashika fomu, naweka tiki, natoa alama kutoka sufuri hadi tano. Sisalimii mtu. Sicheki. (Hiyo ya kutocheka haijanisumbua siku hizi.)

Kituo changu ni Chebunyo, kila Alhamisi. Wiki mbili za kwanza nilienda. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, mtu wa boda akakataa, nikajifunika blanketi na kujaza fomu nikiwa kitandani. Mwalimu wa kule ni mtu makini, nikajiambia lazima amefunza vizuri. Kupumua nikampa nne. Wiki iliyofuata mvua haikuwa kubwa hivyo, lakini blanketi lilikuwa lile lile. Nne tena. Kwa jumla ni Alhamisi nne. (Ndio, najua. Someni tu.)

Leo sasa Daktari, yule mama msimamizi wa utafiti, alikuja kutoka Kisumu kutupima sisi wapimaji. Tuketi darasa moja la Sotik, kila mtu na fomu yake, bila kuchunguliana, halafu alama zilinganishwe. Zikikaribiana, anatia sahihi barua yangu ya kuongezewa mwaka mmoja. Barua niliiona kwa macho yangu, kwenye faili ya kijani. Mama yangu alisimamishwa kuchuma chai mashine zilipoletwa, na kazi hii yangu ndiyo iliyotubakia. Alikuwa ameshaambia kanisa kwamba Jumapili tunatoa shukrani.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mabati yalikuwa yanapiga kelele za mvua, baridi kali. Mwalimu Betty alianza na shingo, akaja mabega, akaja mgongo. Nilipima vizuri, walahi, sijawahi kupima vizuri hivyo. Mbele yangu alikuwa Kogo Rael, nyanya aliyechuma chai miaka thelathini. Wakati wa kulala chali na kutulia, macho yake yalikuwa yamefungwa lakini vidole vilikuwa bado vinachuma. Viwili, viwili, juu ya mkeka. Nikaandika: mikono haijatulia. Halafu nikawaza ni vidole vingapi kule Chebunyo ambavyo sijaviona, na bado nikavipa alama. Roho ikaniuma.

Tukafika kipengele cha kumi na tisa. Maombi. Hiki hakikuwa kwenye fomu ya mwanzo. Pasta alikubali kutoa ukumbi kwa sharti kwamba darasa lifungwe kwa maombi, vituo vingine vikaiga, na Daktari akasema basi hicho nacho ni kipengele, kipimwe. Kiliongezwa wiki ya tatu, pamoja na namba ishirini: kengele ya kufunga. (Wiki ya tatu. Mnakumbuka nilikuwa wapi wiki ya tatu.)

Mnajua sisi tunavyoomba. Hakuna wa kuongoza. Kila mtu anafungua mdomo wake kwa wakati mmoja, mwingine kwa Kipsigis, mwingine kwa Kiswahili, na husikii hata unachosema wewe. Kanuni inasema mpimaji asishiriki. Lakini hebu jaribu wewe kukaa macho wazi katikati ya akina mama wanaolia mbele za Mungu. Kogo Rael alifungua jicho moja, akanitazama. Nikafumba macho. Mdomo nao ukafuata.

Nilianza na mambo ya kawaida. Afya ya mama. Ile barua. Halafu kile kitu kilichokuwa kinaniuma kikapanda chenyewe, na kwa ile kelele nikaona hapa ndipo mahali salama pa kukitoa. Nikaongeza sauti ili Mungu anisikie juu ya mabati.

Kwa kawaida maombi yetu hupoa polepole, na ukisikia wenzako wanashuka, nawe unashuka. Darasani sivyo. Mwalimu Betty anagonga kikengele kidogo, mara moja, na wote wananyamaza hapo hapo. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mimi kengele hiyo nilikuwa nimeiwekea tiki mara nne na sikuwahi kuisikia.

Ikalia. Nikadhani ni simu ya mtu.

"Na unisamehe zile fomu za Chebunyo, Baba, sikuenda, nilizijaza nikiwa kitandani, kupumua nikawapa nne kila wiki kwa sababu..."

Nikasikia sauti yangu iko peke yake. Nikafungua macho. Wote walikuwa wananitazama. Daktari alikuwa ameinua kalamu, hajaandika kitu.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza ni wiki ngapi, nikasema nne. Akatoka nje na simu, akampigia mwalimu wa Chebunyo. Aliporudi aliongea polepole. Yule mwalimu amelazwa wiki ya tatu sasa. Wanawake wamekuwa wakija na mikeka yao, wanakuta mlango umefungwa, wanangoja, wanarudi. Wamekuwa wakiambiana kwamba mtu wa fomu akija atawapelekea habari ofisini.

Mtu wa fomu ni mimi.

Tulilinganisha alama za leo, kwa sababu kazi ni kazi. Zilifanana zote, tangu shingo mpaka kutulia. Daktari akasema ningekuwa mpimaji mzuri. Halafu akaifunga faili ya kijani na barua ikiwa ndani.

Nilipokuwa nakunja kiti changu, Kogo Rael alikuja akanishika mkono kwa vile vidole vyake.

"Mungu amesikia, mtoto wangu," akasema. "Na sisi pia tumesikia."

Kogo Rael na mama yangu wako kwaya moja. Nilipofika nyumbani, mama hakuniuliza barua iko wapi. Alinimiminia chai, akaketi, akasema kesho Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe, mimi niende Chebunyo kuwaambia wale akina mama ukweli, na mikeka yao niwabebee mwenyewe mpaka nyumbani. Nitaenda. Sijui nitaanzia wapi.

Basi msicheke. Na kama kuna mtu anataka kuniombea, tafadhali, kimoyomoyo.